Pilipili Isifuate Njia ya Mwani

Kila linapotajwa zao la biashara katika visiwa hivi, fikra za msikilizaji huelekea kwenye karafuu, na baada ya karafuu huenda kwenye mwani. Pilipili hutajwa mwisho, aghalabu kwa mzaha, kama kitu cha kando ya sahani. Ilhali katika masoko ya London ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 palikuwa na bidhaa iliyojulikana kwa jina la pilipili za Zanzibar, na wanunuzi waliitambua kwa ukali wake. Ardhi ya maweni ya kusini na mashariki ya Unguja, ambayo mkarafuu hauiwezi, mpilipili unaiweza. Leo tunataka kuizungumza pilipili hiyo kwa uzito unaoistahiki, kwa sababu kilichomo ndani yake kina bei kubwa zaidi duniani kuliko pilipili yenyewe, na kwa sababu tunaiona ikielekea kulekule ulikopitia mwani.

Tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza kwa biashara katika vijiji vya Paje na Jambiani, maelfu ya akina mama wa pwani wameingia baharini kila bamvua, wakifunga tai-tai, wakivuna na kuanika. Kwa miaka mingi mali hiyo imefungwa marobota na kupakiwa ikiwa ghafi. Ng'ambo ndiko ulikokamuliwa ule ute uitwao karagini, unaotiwa katika dawa ya meno, katika aiskrimu na katika vyakula vya makopo, kisha ukaturudia katika maduka ya Darajani kwa bei ambayo mvunaji hawezi kuilinganisha na ile aliyolipwa yeye kwa kilo. Hatusemi kwamba mwani haukuwaletea watu kitu. Umejenga nyumba, umesomesha watoto skuli, na umempa mwanamke wa kijijini fedha yake mwenyewe mkononi. Tunasema tu kwamba fungu kubwa la faida limebaki kwa yule aliyekamua.

Kabla hatujaendelea, tuelewane juu ya jina. Tukisema pilipili hapa tunakusudia pilipili hoho kwa lugha ya visiwani, yaani ile inayowasha, pamoja na jamaa zake pilipili mbuzi, pilipili kichaa na pilipili boga. Msomaji wa bara atuwie radhi, maana kwake hoho ni ile isiyowasha, na tumekwisha shuhudia watu wakilia mezani kwa tofauti hiyo ya lugha. Pilipili manga ni ya nasaba nyingine kabisa, nayo haimo katika maneno haya.

Ndani ya pilipili iliyoiva mna vitu vitatu ambavyo dunia inavitafuta: wekundu wake, ukali wake, na vitamini C. Vyote vitatu, kila kimoja kwa namna yake, huhesabiwa katika kundi ambalo wataalamu huliita antioksidanti. Neno ni la kigeni lakini jambo lenyewe kila mpishi analijua. Biringani likikatwa na kuachwa huwa jeusi, na likitumbukizwa katika maji ya ndimu hubaki jeupe. Hewa ya oksijeni, ambayo ndiyo uhai wetu, ndiyo hiyo hiyo inayokila chuma kikawa kutu na inayoyaharibu mafuta yakanuka. Antioksidanti hujitanguliza mbele: hukubali kuliwa na oksijeni kwanza, ili kilicho jirani yake kisalimike. Ndiyo maana watengenezaji wa vyakula, wa dawa na wa vipodozi wanaitaka.

Ustadi wa kuvitoa vitu hivyo katika pilipili una historia inayofaa kusomwa na kila ofisa anayetayarisha mpango wa viwanda. Mwaka 1928, Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi mzalia wa Hungaria, akiwa Cambridge nchini Uingereza, alifanikiwa kutoa chembe chache za kitu fulani katika tezi zilizo juu ya figo za wanyama. Kilikuwa kidogo mno hata hakikutosha kuchunguzwa sawasawa. Aliporejea kwao kufundisha katika Chuo Kikuu cha Szeged, alijikuta katikati ya eneo mashuhuri kwa kilimo cha pilipili. Mwenyewe alisimulia kwamba jioni moja mkewe alimwandalia pilipili mbichi, naye, kwa kuwa hakutaka kuila wala hakutaka kumuudhi mke, aliichukua akaipeleka maabara. Usiku huo huo akatambua kwamba ameangukia hazina. Katika muda wa wiki chache alikuwa na zaidi ya kilo nzima ya vitamini C safi, kitu ambacho maabara za dunia zilikuwa zikikipata kwa chembe. Mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Wengi wakifika hapo husimama wakapiga makofi. Sisi tunaomba waendelee kusoma. Mwaka 1933 Tadeus Reichstein, huko Uswisi, alipata njia ya kuitengeneza vitamini C kwa kuanzia na sukari, na haikuchukua muda viwanda vikaifuata njia hiyo iliyo rahisi zaidi. Pilipili ikabaki chakula chenye vitamini hiyo kwa wingi. Gramu 100 za pilipili mbichi nyekundu zina karibu miligramu 140, wakati chungwa lina 50 hivi, ingawa hatumjui mtu wa kumaliza gramu 100 za pilipili mbuzi akabaki na hali yake. Lakini kama chimbuko la vitamini kwa viwanda, zama zake zilipita. Kwa hiyo mtu yeyote atakayetuletea mpango wa kutoa vitamini C katika pilipili za Makunduchi, awe mfadhili au mwekezaji, anatuletea biashara iliyokwisha shindwa sokoni miaka 90 iliyopita.

Wekundu na ukali ni habari nyingine. Kuanzia mwaka 1927 wanakemia wawili wa Hungaria, László Zechmeister na László Cholnoky, walishughulika kuuchambua wekundu wa pilipili, ambao kiini chake kikubwa huitwa kapsanthini. Rangi hiyo hadi leo hutolewa katika pilipili yenyewe. Huwekwa katika soseji na jibini, na hutiwa katika chakula cha kuku ili kiini cha yai kipate rangi inayopendeza. Katika vyakula vya Ulaya hutambulishwa kwa alama ya E160c, na anayetaka kuhakikisha na ageuze pakiti asome upande wa nyuma. Ama ukali, asili yake ni kapsaisini, jina lililotolewa mwaka 1876 na Mwingereza John Clough Thresh. Huo hutumika katika michuzi ya chupa, katika dawa za kuchua viungo, na tangu mwaka 2009 katika plasta yenye kapsaisini asilimia 8, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Mmarekani David Julius, ambaye mwaka 1997 aliitumia kapsaisini kugundua jinsi mwili unavyohisi moto na maumivu, alikuwa mmoja wa waliotunukiwa Nobel mwaka 2021.

Namna ya kuvitoa vitu hivyo si siri. Mama anayekaanga pilipili huona mafuta yakiwa mekundu na makali, na aliyezidisha pilipili katika mchuzi hutia tui la nazi, wala hatii maji. Sababu ni kwamba wekundu na ukali huyeyuka katika mafuta na katika spiriti, na maji hayavipati. Kiwanda hufanya hivyo hivyo kwa ukubwa zaidi: pilipili kavu husagwa, huoshwa kwa kiyeyushi, kiyeyushi hicho huchujwa na kufukizwa kikakusanywa tena, na kinachobaki ni mafuta mazito mekundu kama asali iliyoungua, yaitwayo oleoresini. Kwa kilo 100 za pilipili kavu hupatikana kilo 10 hivi, mara zaidi mara pungufu, kutegemea mbegu na uanikaji. Mafuta hayo yanaweza tena kugawanywa, wekundu mbali na ukali mbali. Jimbo la Kerala nchini India, ambalo watu wake ni wakulima wa viungo kama sisi, limejijengea sifa duniani kwa viwanda vya namna hii.

Hapa inatubidi tuseme jambo moja kwa uwazi, maana tumelisikia mara kadhaa likisemwa kinyume chake hata na watu wenye dhamana. Tunacho kiwanda cha makonyo huko Wawi, Chake Chake, mali ya Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, na ni ushahidi kwamba wananchi wa visiwa hivi wanaweza kuikamua mali yao wenyewe. Husemwa basi: tutie na pilipili katika mitungi ile ile. Haitakuwa. Mafuta ya karafuu hutoka kwa mvuke kwa sababu huruka pamoja na mvuke. Wekundu na ukali wa pilipili hauruki, na mwenye kuichemsha pilipili kwa njia ile atapata maji yenye harufu na makapi yaliyopikwa. Wawi inatufaa kwa kitu kingine, nacho ni mafundi wake, watu waliozoea kupima, kutunza mitambo na kuheshimu usafi. Hao ndio wa kupelekwa Kerala kujifunza, kabla ya sisi wa ofisini.

Kiyeyushi nacho kina mashauri yake. Viwanda vingi hutumia heksani, kitokanacho na petroli, ambacho huchemka katika nyuzi 69 na hushika moto kwa cheche moja. Hakifai kuwekwa katikati ya nyumba za watu, na masalio yake katika mafuta yana kiwango kisichoruhusiwa kuzidi. Spiriti ni salama zaidi kwa mlaji, lakini katika jamii yetu inazua suala la halali na haramu, na wanunuzi wa Oman na nchi za Ghuba watauliza swali hilo hilo. Tunaona ni busara Ofisi ya Mufti ishirikishwe mwanzo wa mpango. Kuipelekea mpango uliokwisha kamilika ili iubariki si kuishirikisha. Ipo njia ya tatu, ya kutumia hewa ya kaboni iliyoshindiliwa kupita kiasi cha mara 73 ya kani ya hewa ya kawaida, katika joto linalozidi kidogo nyuzi 31, ambapo hewa hiyo hufanya kazi ya kiyeyushi na kisha ikatoweka bila ya kuacha masalio. Ni njia safi kabisa. Ni ghali, na haivumilii umeme wa kukatika. Unguja ilikaa gizani miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na Pemba imeungwa na gridi kwa waya wa baharini kutoka Tanga mwaka huo huo wa 2010. Atakayechagua mtambo na azikumbuke tarehe hizo.

Lakini yote hayo ni ya baadaye, na kuna jambo lililo mbele yake ambalo halihitaji mfadhili wala ndege. Pilipili huharibika kabla haijafika kwenye mtambo wowote. Pilipili mbichi ni maji kwa karibu kilo 88 katika kila kilo 100, na maji hayo hayana budi kutoka upesi. Mkulima wetu huianika chini, juu ya jamvi kuukuu au kando ya barabara ya lami, panapopita kuku, vumbi na moshi wa gari. Mvua ya vuli ikija ghafla huikusanya ikiwa bado teketeke, huishindilia katika gunia, na asubuhi huianika tena. Mle ndani ya gunia ndimo ukungu unamozaliwa, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo haionekani kwa jicho, haiondoki kwa kupikwa, na kwa muda mrefu hudhuru ini. Ulaya hairuhusu viungo vyenye sumukuvu aina ya B1 kupita mikrogramu 5 kwa kilo, wala jumla ya sumukuvu kupita 10. Tena pilipili ikamuliwayo ina hatari zaidi kuliko iliyo nzima, kwani lililomo katika magunia kumi linaweza kukusanyika katika mtungi mmoja.

Jua nalo, ambalo tunalisifu kwa kuwa halilipiwi, ni adui wa wekundu. Kapsanthini huungua kwa mwanga, na pilipili iliyokaa juani siku nane hupauka ikawa na rangi ya matofali. Kile tulichotaka kukiuza kimeliwa na oksijeni pale pale uwanjani. Dawa yake ni chanja zilizoinuliwa kutoka chini, zenye paa la plastiki inayozuia mwanga mkali na kupitisha upepo. Seremala yeyote wa kijiji anaweza kuzijenga kwa mirunda na wavu. Tumeona fedha nyingi zikitumika katika semina za kuongeza thamani, na chai yake ikiwa nzuri, bila ya chanja moja kubaki kijijini baada ya wageni kuondoka.

Pana sababu inayomfanya mkulima asihangaike na chanja, nayo ni ya haki. Mchuuzi hununua kwa uzito tu. Aliyeanika kwa siku tano kwa uangalifu, pilipili yake ikawa nyepesi, nyekundu na safi, hulipwa pungufu kuliko jirani aliyeiacha na maji ili ielemee mizani. Mwenyezi Mungu amekwisha wakemea wanaopunja vipimo, lakini utaratibu huu umekwenda mbali zaidi, maana unampunja mwaminifu kwa uaminifu wake. Duniani wekundu hupimwa kwa namba, na ukali umekuwa ukipimwa tangu mwaka 1912, Mmarekani Wilbur Scoville alipoanza kuipunguza pilipili makali kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasiuhisi tena ukali wake. Sasa hupimwa kwa mashine. Pilipili yetu ikipimwa hivyo, na mkulima akalipwa kwa daraja ya rangi, ya ukali na ya ukavu, chanja zitajengwa bila ya amri ya sheha.

Na wale wanaodhani kwamba rangi inaweza kuongezwa baadaye, wakumbuke yaliyowapata wengine. Mwaka 2003 katika Ulaya iligunduliwa unga wa pilipili uliotiwa Sudan I, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa katika chakula. Mwaka 2005 zaidi ya aina 400 za vyakula ziliondolewa madukani Uingereza kwa sababu ya pilipili iliyotiwa rangi hiyo. Wauzaji wa viungo wa nchi mbalimbali, wema na wabaya, waliingizwa katika shaka moja. Jina la Zanzibar katika viungo ni amana tuliyoachiwa na waliotutangulia, na kulitia doa ni kazi ya siku moja.

Kuna doa jingine ambalo linakuja kwa mlango wa sifa. Siku hizi chupa za mafuta ya pilipili zinauzwa na kutangazwa kwamba zinatibu sukari, presha na hata saratani, kwa kuwa eti zina antioksidanti. Tunawaomba wananchi wajihadhari, na tunaomba wenye mamlaka wasinyamaze. Ni kweli kwamba mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi wa Wachina 487,375, ambao ulionyesha kwamba wanaokula vyakula vikali takriban kila siku walikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa asilimia 14. Hiyo ni habari njema kwa mlaji, lakini watu hao waliangaliwa tu, hawakupewa dawa, na huenda mlaji wa pilipili ana mambo mengine yanayomsaidia. Upande wa pili, mwaka 1994 Finland ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa wavutaji sigara wanaume 29,133. Waliopewa vidonge vya betakarotini, ambayo ni antioksidanti ya ukoo ule ule wa wekundu wa pilipili, walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiopewa. Kiini kilichomo katika chakula ni kimoja, na kiini hicho kikitolewa, kikakusanywa na kumezwa kwa wingi ni kingine. Oleoresini yetu na iuzwe kama rangi na kama kiungo, kwa vipimo vyake. Mgonjwa wa sukari na aende hospitali.

Kwa hayo, maombi yetu kwa Serikali ni machache. Shirika la Biashara la Taifa liweke bei ya pilipili kwa daraja, kama lilivyozoea kuzitenga karafuu kwa madaraja, na bei hiyo ibandikwe kwenye kituo cha kununulia. Taasisi ya Viwango ihakikishe kwamba mkulima wa Pemba anaweza kupimiwa sumukuvu na wekundu bila ya kusubiri boti. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kizimbani ituambie ni mbegu ipi inatoa wekundu mwingi katika maweni na ipi inatoa ukali, maana mbegu hizo aghalabu si moja. Chuo Kikuu cha Taifa kipewe mtambo mdogo wa majaribio, wa kilo na si wa tani, ili vijana wetu wajifunze kukamua kwa spiriti na kwa hewa ya kaboni, wapige hesabu ya umeme na ya kiyeyushi, na hesabu hizo ziwekwe hadharani. Mtambo mkubwa ufuate hesabu hizo, si kutangulia.

Tunajua kwamba siku hizi macho ya wapangaji yako baharini kwa ajili ya Uchumi wa Buluu, na hatuna ugomvi na bahari. Wenye umri wanakumbuka miaka ya 1980, pale Indonesia, aliyekuwa mnunuzi wetu mkubwa wa karafuu, alipojitosheleza kwa karafuu zake mwenyewe, na jinsi visiwa vilivyotikisika kwa kutegemea zao moja na mteja mmoja. Pilipili haitachukua nafasi ya karafuu, wala hatudai hivyo. Inaweza kuwapa watu wa maweni kipato chao, katika ardhi ambayo mpaka sasa tunaitazama tukiwa njiani kwenda hotelini.

Vuli inaanza Oktoba. Kamati za vijiji na masheha wakiletewa mirunda, wavu na plastiki kabla ya hapo, pilipili ya msimu huu itaanikwa juu ya ardhi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya semina moja, na tunataka kuiona katika bajeti ya wilaya kwa jina lake: chanja za pilipili.